Nilidhani rejeta ni ndoo ya maji

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na ibada yangu ya Jumamosi. Asubuhi, kabla jua halijakolea, natoka na kikombe cha bati, nafungua boneti ya Corolla yangu, nafungua mfuniko wa rejeta, namimina maji mpaka yaonekane mdomoni. Kikombe kimoja, wiki nyingine kimoja na nusu. Nafunga, nafuta mikono, najiona dereva makini kuliko majirani wote. Siku moja mke wangu akaniuliza: hayo maji yanakwenda wapi? Nikamjibu kwamba gari ni kama mtu, linakunywa. Akanitazama, akarudi jikoni.

Gari lenyewe ni ile Corolla ambayo watu wanaiita 110, injini ya 5A, lita 1.5. Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu, nikahama nalo serikali ilipohamia Dodoma nasi watumishi tukafuata mafaili. Huko Dar lilichemsha mara moja kwenye foleni. Fundi wa chini ya mwembe akatoa kidude cha shaba chenye spiringi, kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda rejeta, akanikabidhi kiganjani kama daktari anayekuonyesha jino alilong'oa. "Thamostati hii, bosi. Ni ya nchi za baridi. Huku joto tunalo la kutosha, ya nini?" Maneno yakaniingia. Kweli, ya nini? Nikaitupa kwenye kisanduku cha dashibodi, ikakaa humo pamoja na risiti za mafuta.

Nilipofika Dodoma nikakutana na maji ya Dodoma. Aliyehamia huku anajua ninachosema. Maji ya visima vya Mzakwe, kule bonde la Makutupora, ni safi lakini yana chumvichumvi yake. Birika jipya la umeme halimalizi mwezi kabla ya kufanya ukoko mweupe tumboni. Sisi tulikuwa tunalikwangua kwa ndimu kila mwisho wa wiki. Na hapa ndipo ninapojicheka: Jumamosi hiyo hiyo, mkono ule ule uliotoka kukwangua birika, ulichukua kikombe kikamimina maji yale yale kwenye injini ya gari. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Birika nililiona ndani. Injini sikuiona.

Wiki moja kabla ya safari ninayotaka kusimulia, fundi wa mtaani aliyekuwa akibadilisha oili aliniambia mfuniko wa rejeta umechoka, mpira wake wa ndani umekauka kama kipande cha ngozi. Nikanunua mpya, ule ule ulioandikwa 0.9. Jumamosi iliyofuata nikatoka na kikombe changu, nikakuta maji yako pale pale mdomoni. Hayajapungua hata kidogo! Nilifurahi mno. Nikamwita mke wangu aje aone.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mibuyu haina hata jani na vumbi limetulia juu ya kila kitu. Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu, amekaa wiki tatu, anarudi Singida. Tungeweza kumpandisha basi. Lakini mkwe gani mwenye gari anampeleka mama mkwe stendi? Tukaondoka saa nne asubuhi, kosa la kwanza, maana safari ya upande ule huanza alfajiri. Yeye kakaa nyuma na mjukuu, kama heshima inavyotaka, na ndoo ya zabibu za kuwapelekea majirani. Mke wangu mbele. Kiyoyozi kinapuliza.

Mpaka Bahi hapakuwa na neno. Barabara imenyooka, majaruba ya mpunga yamekauka, udongo wa mbuga umepasuka vipande vipande. Tukapita Kintinku. Baada ya hapo barabara inaacha kunyooka na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, mlima ambao madereva wanauita Saranda. Malori yanaupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nikawa nyuma ya mojawapo, gia ya pili, kiyoyozi bado kinapuliza, nikisubiri upenyo.

Kwanza ilikuja harufu. Si ya kuungua. Ilikuwa harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi. Kioo cha mbele kikaanza kufanya ukungu kwa chini, mchana wa jua kali, mwezi wa kumi.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kutoka nyuma, "kuna kitu kinachemka?"

"Hapana mama, ni joto la nje tu."

Nikatupa jicho kwenye geji. Mshale wa joto, ambao siku zote ulikuwa unalala chini ya nusu, ulikuwa umepanda hadi karibu na ile herufi nyekundu. Nikazima kiyoyozi. Nikaendelea kupanda kwa sababu pembeni hapakuwa na pa kusimama, au niseme ukweli, kwa sababu niliona aibu kusimama. Dakika mbili hivi. Halafu mshale ukaanza kushuka. Ukashuka mpaka nusu, ukapita nusu, ukaenda kulala kabisa chini kwenye baridi.

"Mnaona?" nikawaambia. "Kilikuwa ni kiyoyozi."

Nikaendesha kama kilomita 3 zaidi nikiwa na amani moyoni. Kilomita hizo 3 ndizo zilizoniuma mfukoni. Geji ya joto haina macho. Ni kipimo kidogo kilichochovywa kwenye maji ya injini, kinapima maji yanayokigusa. Maji yakiisha, kipimo kinabaki kwenye hewa na mvuke, kinasoma uongo. Mshale unaopanda ni habari mbaya. Mshale unaopanda halafu ukaanguka ghafla wakati bado unakanyaga mafuta mlimani ni msiba, maana yake hakuna tena maji ya kupimwa. Ningeijua habari hiyo mapema, ningezima injini pale pale katikati ya barabara, malori yapige honi wanavyotaka.

Injini ikaanza kulia kama kokoto ndani ya kopo. Nguvu zikaisha. Nikajivuta hadi penye uwazi, nyuma ya semitrela lililokuwa limewekewa matawi ya miti nyuma yake. Nikazima. Kimya kile kilikuwa na sauti ya kuchuruzika na kuchemka. Nikafungua boneti, nikachukua kitambaa, nikaupelekea mkono mfuniko wa rejeta.

"Wewe! Acha hapo hapo!"

Dereva wa semitrela alitoka chini ya trela lake, alikokuwa kalala kwenye mkeka. Mtu wa makamo, kandambili, shati wazi. Hakunieleza kitu. Alikunja mkono wa shati lake akanionyesha kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo: ngozi ya rangi mbili, imekunjamana kama karatasi iliyoloa ikakauka. "Mfuniko," akasema. "Ulikuwa mfuniko kama huo."

Tukakaa kivulini. Aliniambia tusubiri saa nzima ikibidi, na nisithubutu kumwagia injini maji ya baridi, kwa sababu hedi, yaani kichwa cha injini, ni aluminiamu na bloku, yaani kiwiliwili chake, ni chuma, ukizishtua zinapasuka au zinajikunja. Mama mkwe akateremka, akatandika kitenge, akaanza kugawa zabibu. Mzee mmoja akapita na baiskeli yenye madumu mawili ya maji. "Mbukwenyi!" Kigogo changu kinaishia kwenye kuitikia, nikaitikia. Nikamwomba maji, nikampa elfu mbili. Akasema hiyo ni nyingi. Akaichukua, halafu akaniachia dumu la pili pia.

Injini ilipopoa, dereva yule aliinama hadi kichwa chake kikapotelea kati ya injini na ukuta wa kabini. "Njoo uone. Tia mkono hapa." Nikatia. Huko nyuma, mahali ambapo sikuwahi hata siku moja kupaangalia, kulikuwa na paipu mbili nyembamba za mpira zinazopeleka maji moto kwenye hita na kuyarudisha. Mmoja wa mipira hiyo ulikuwa umechanika jirani kabisa na mahali ulipofungwa, mpasuko wa urefu wa kidole. Na haukufungwa kwa klipu. Ulifungwa kwa waya, ule waya wa kufungia nondo, mtu fulani siku fulani aliuzungusha mara tatu akausokota kwa koleo.

"Hita?" nikasema. "Mimi sijawahi kuwasha hita tangu ninunue hili gari."

"Wewe huwashi. Maji yenyewe yanapita."

Akachukua kisu, akakata ile ncha mbovu, kipande cha kama sentimita 4. Kwa bahati mpira ulikuwa na urefu wa kutosha, akausukuma tena kwenye mdomo wa bomba mpaka ukaingia vizuri, akaukaza kwa klipu aliyoitoa kwenye kopo lake la vikorokoro. Kile kipande alichokata akanirushia. Ninacho mpaka leo, kiko juu ya kabati sebuleni. Ukikipasua kwa urefu ndipo unapoelewa. Kwa nje ni cheusi, kinang'aa, ungeapa ni kizima. Kwa ndani kina nyufa, nyembamba, nyingi, zimekatana kama ule udongo wa mbuga ya Bahi niliopita asubuhi ile. Na juu ya nyufa, ukoko mweupe. Wa birika.

Tukajaza maji taratibu injini ikiwa inanguruma, yeye akaniambia niubane mfuniko nusu tu, hadi kituo cha kwanza, ili presha isijengeke ikapasua kingine. Nikajikongoja hadi Manyoni nikisimama kila baada ya kilomita chache. Nilipofungua mfuniko Manyoni, maji ndani ya rejeta yalikuwa yanatoa mapovu bila kukoma kama soda iliyotikiswa, na oili kwenye kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sikuhitaji fundi kunitafsiria: gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku imekwisha, maji yameingia kwenye oili. Mama mkwe na ndoo yake wakapanda basi la Singida. Aliniaga kwa upole kabisa, na upole ule ulinichoma kuliko kama angenuna.

Gari lilirudi Dodoma juu ya fuso.

Fundi niliyempata safari hii nilielekezwa na mtu wa ofisini. Mzee mkimya, hapendi kuulizwa bei kabla hajaona. Alifungua hedi, akaweka rula ya chuma juu yake, akawa anapitisha vijibati vyembamba vya kupimia chini ya rula. "Hedi ikijikunja isizidi 0.05 ya milimita. Hii ni mara tatu." Kisha akaanza kuniuliza maswali, moja moja, kama hakimu. Nani alitoa thamostati? Unatia maji gani? Mfuniko huu mpya uliwekwa lini? Nilipojibu la tatu, akacheka. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka.

Nilichojifunza kwenye benchi la gereji ile, siku nne nilizokaa nikimwangalia, naweza kukieleza hivi. Mimi nilikuwa naichukulia rejeta kama ndoo: ikipungua unajaza. Kumbe ule mfumo mzima ni sufuria ya presha, na kila kitu ndani yake kimepimwa kwa kuitegemea presha hiyo. Pwani maji yanatokota kwenye nyuzi 100. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi. Injini yenye afya nayo inatembea kwenye nyuzi 85 hadi 95. Piga hesabu mwenyewe: bila presha, gari la Dodoma siku zote liko hatua moja tu kabla ya kutokota. Kinacholiokoa ni mfuniko. Ile 0.9 iliyoandikwa juu yake ni presha unayoizuia kabla haujaachia, na kwa presha hiyo maji hayatokoti mpaka yapite nyuzi 115. Hapo ndipo penye nafasi ya kupumua unapopanda mlima nyuma ya lori. Mpira ukipasuka, hupotezi maji tu. Unapoteza presha, na yale maji yaliyobaki yanatokota yote kwa mara moja. Ndiyo maana pia mfuniko ukifunguliwa ukiwa wa moto unakurukia.

Mfuniko una kazi nyingine ambayo sikuijua. Maji yakipata moto yanatanuka, unayaachia yaende kwenye kile kichupa cha akiba pembeni. Injini ikipoa, unayavuta yarudi. Wangu wa zamani ulikuwa umechoka: ulikuwa unaachia mapema, halafu hauvuti. Kichupa kinajaa, kinamwaga chini barabarani, na rejeta inabaki na upungufu wa kikombe kimoja. Kikombe changu cha Jumamosi ndicho hicho! Gari halikuwa linakunywa chochote.

Na sasa kicheko cha mzee. Kwa miaka miwili mfuniko mbovu ulikuwa unaificha mipira mibovu. Presha haikuwahi kufika inapotakiwa, basi mpira uliooza ukaendelea kuishi kama mgonjwa asiyepewa kazi nzito. Nikaweka mfuniko mzima. Presha ikarudi yote siku moja. Ikazunguka kutafuta mahali palipo dhaifu zaidi, ikapapata huko nyuma kwenye waya wa nondo. Mfuniko mpya haukuwa kosa. Kosa ni kuubadilisha peke yake bila kugusa mipira, na fundi aliyeniuzia hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Kwa nini mpira ule uoze na sio mwingine? Mzee akanionyesha ukuta wa nyuma wa injini, mweusi kwa oili. Gasketi ya kifuniko cha valvu ilikuwa inavuja. Niliijua, niliambiwa Dar kwamba "inatoa jasho tu". Jasho lile lilikuwa linadondokea mpira wa hita mchana na usiku. Mpira wa kupitishia maji unastahimili maji moto miaka na miaka, lakini oili ni sumu yake: unavimba, unalainika, unakuwa kama bigijii. Ongeza waya unaokata kama uzi kwenye ugali, ongeza maji ya bomba yanayokula kwa ndani na kuacha chokaa. Sijui kama kuna kitu kilichobaki ambacho ningeweza kukifanyia ule mpira.

Kuhusu thamostati tulibishana kidogo, kwa sababu nilikuwa bado nina imani na yule wa mwembeni. Nikaitoa kwenye kisanduku cha dashibodi, ile ile. Mzee akaifunga kwa uzi, akaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani. Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kikafunguka taratibu, wazi kabisa kwa macho. Akakitoa, kikajifunga. Kilikuwa kizima miaka yote! Inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Halafu akanionyesha sahani ndogo upande wa pili wake: thamostati inapofungua njia ya kwenda rejeta, sahani ile inaziba njia ya mkato inayorudisha maji moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji yako ya moto haiendi kupoa. Kwa hiyo asubuhi injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta zaidi, na mlimani, siku unayohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, matone mengine yanazunguka bure. Watengenezaji wa injini hii wanakataza kabisa kuitoa, hata kama gari lina tabia ya kuchemsha. Alinunua mpya lakini, hakuirudisha ile. "Imekaa na risiti muda mrefu," akasema.

Bili: kusafirisha gari, kuskimu hedi (kuichonga inyooke), seti ya gasketi, oili, mipira yote, thamostati, kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta), ufundi. Laki tisa na nusu. Mpira wa hita ndani ya bili hiyo ni shilingi 9,000.

Siku hizi Jumamosi yangu imebadilika. Rejeta siigusi, naangalia kichupa cha akiba, injini ikiwa ya baridi, kama kiwango kiko kati ya mistari miwili. Kikishuka wiki hii na wiki ijayo, najua kuna mahali panavuja na natafuta, sijazi nikaenda zangu. Mara moja kwa mwezi naminya mipira yote kwa vidole viwili, ule mkubwa wa juu, ule wa chini, na ile ya nyuma ambayo inabidi nikunje mkono mpaka nikwaruzike. Naminya jirani na klipu, kisha katikati, nalinganisha. Mpira mzima unarudisha mkono sawasawa kote. Ukiona mwishoni ni laini kuliko katikati, au unasikia kama kitu kinavunjikavunjika ndani, au umevimba karibu na klipu, usiulize umri wake, badilisha. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye kiungio ni maji yaliyovuja yakakauka kabla hujaamka. Na kuna asubuhi moja nilikuta mpira wa juu umenywea, umejibana kama mrija wa juisi. Enzi zile ningeulaumu mpira. Sasa nilijua ni mfuniko umeshindwa kuruhusu maji yarudi. Nikausafisha uchafu kwenye kile kivalvu cha katikati, ukakaa sawa.

Klipu nimerudishia zile za spiringi zilizokuja na gari, kwa sababu mpira unatanuka na kusinyaa nazo zinaufuata. Za kukaza kwa bisibisi si mbaya, ila mafundi wetu wana mikono mizito, wanakaza mpaka chuma kinazama kwenye mpira.

Ndani sasa kuna kulanti, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Dukani nikiomba nasema wazi "maji ya betri ya kuongezea", maana ukisema betri tu kuna muuzaji anaweza kukupa asidi. Watu wanadhani kulanti ni ya kuzuia barafu, na barafu Dodoma hatunayo hata Julai upepo unapotupiga. Lakini inapandisha kiwango cha kutokota, na zaidi ya yote ina dawa ya kuzuia kutu na ukoko. Dawa hiyo inaisha nguvu hata kama rangi bado inapendeza, kwa hiyo ya kwangu, ile nyekundu ya kawaida, naimwaga kila baada ya miaka miwili. Naimwagia kwenye dumu, nafunga. Ni tamu na ni sumu. Huku mitaani kwetu mbuzi wanazurura, na watoto pia.

Mapezi ya rejeta nayo nayasuuza kila baada ya kiangazi, maji ya mpira wa bustani yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mara ya kwanza yalitoka manyasi, panzi na udongo mwekundu wa kujaza bakuli. Hakuna mengi ya kusema hapo, ni vumbi tu, ila usipelekee ile mashine ya kuoshea magari, itakunja mapezi yote.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata nilipanda tena Saranda, peke yangu, alfajiri, nikiwa na dumu la maji kwenye buti, klipu mbili, kisu na kipande cha mpira wa akiba. Mshale ulikaa chini kidogo ya nusu, ukabaki hapo mpaka juu. Nilisimama pale pale penye uwazi, nikafungua boneti, nikatia mkono nyuma ya injini. Pakavu.

Nilipofika Singida mama mkwe alinikaribisha kwa mlenda na kuku. Tulipomaliza kula nikamwambia gari sasa ni zima, arudi nalo Dodoma akamwone mjukuu. Akanishukuru sana. Akasema ameshakata tiketi ya basi.